Mtoto Acheze Nini? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Ngoma na Miondoko katika Madarasa ya Chini

Tangu mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 ulipoweka somo la Utamaduni, Sanaa na Michezo katika darasa la kwanza na la pili nchini Tanzania, barua za walimu zinazofika kwenye ukurasa huu zimebadilika sura. Zamani waliuliza jinsi ya kufundisha herufi na hesabu. Sasa wengi wanauliza jinsi ya kuwachezesha watoto bila kipindi kugeuka ghasia, na wazazi nao wanauliza watoto wao wanachezeshwa nini. Nimechagua barua saba na kuzifupisha, na majina ya waandishi pamoja na ya shule zao nimeyaacha kwa makusudi.

SWALI: Ninafundisha darasa la pili katika shule ya kijijini wilayani Kilosa. Nina wanafunzi 87, chumba kilichojaa madawati na ngoma moja iliyopasuka. Sijawahi kujifunza kucheza ngoma yoyote, na hata harusini mimi huwa sinyanyuki kwenye kiti. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, endelea kukaa kwenye kiti chako kwa amani, kwa sababu kazi uliyopangiwa haidai uwe mchezaji. Mtoto wa miaka 7 au 8 hahitaji sana kuonyeshwa hatua za kuiga. Anahitaji kuulizwa swali ambalo mwili wake ndio utakaolijibu. Ukimwambia, "Inua mkono wa kulia, piga hatua mbili mbele, geuka," umempa amri, naye ama ataiweza ama itamshinda. Ukimwambia, "Nionyeshe namna ya kufika kwenye ule mwembe bila kutembea wala kukimbia," umempa fumbo, na katika wanafunzi wako 87 utapata majibu ambayo wewe mwenyewe hukuyafikiria: mmoja atabingirika, mwingine ataruka kichura, wa tatu atakwenda kinyumenyume huku akichungulia katikati ya miguu yake. Hapo somo limeanza, na wewe hujatikisa hata bega.

Ili maswali yako yasiishe baada ya juma la kwanza, unahitaji mpangilio wa kuyatungia. Mpangilio unaotumika katika shule nyingi duniani unatokana na mawazo ya Rudolf Laban, mchezaji na mwalimu aliyezaliwa mwaka 1879 katika mji ambao leo unaitwa Bratislava, akafanya kazi Ujerumani kwa miaka mingi, na hatimaye akahamia Uingereza, ambako alifariki mwaka 1958. Mawazo yake yaliingia katika shule za msingi za huko baada ya Vita Kuu ya Pili. Ukiyaondolea istilahi zake zote, yanabaki mambo manne ya kuuliza: ni kiungo gani kinachosogea, kinaelekea wapi, kinasogea kwa namna gani, na kinasogea pamoja na nani au na kitu gani. Kwa swali moja la mwembe unaweza kufundisha mwezi mzima. Leo wafike kwa kutumia viungo vitatu tu vinavyogusa ardhi. Kesho wafike kwa njia iliyopinda kama mto. Keshokutwa wafike kwa uzito, kana kwamba wamebeba magunia ya mahindi, kisha kwa wepesi, kana kwamba ni majani makavu. Na siku ya nne wafike wawiliwawili bila mgongo wa mmoja kuachana na mgongo wa mwenzake.

Lakini hazina iliyo karibu nawe kuliko Laban ni Kiswahili chenyewe. Lugha yetu ina vitenzi vya mwendo ambavyo watoto wanavifahamu kwa miguu kabla hawajavisoma: kunyata, kunyemelea, kuchechemea, kupepesuka, kuyumba, kuserereka, kugaagaa, kukurupuka, kujikunyata, kuranda. Andika vitatu ubaoni asubuhi katika kipindi cha kusoma, kisha uvitoe uwanjani katika kipindi cha michezo. Waulize kunyata na kunyemelea vinatofautianaje, maana vyote ni mwendo wa kimya. Usiwaeleze, waache waonyeshe. Mara nyingi anayenyata huangalia miguu yake asije akakanyaga kijiti, ilhali anayenyemelea hukodoa macho mbele kwa kuwa ana kitu anachokiwinda, na mtoto anapoligundua hilo kwa shingo yake mwenyewe amejifunza maana ya neno kwa kina ambacho kamusi haiwezi kumpa. Tanakali za sauti nazo ni mali safi kwa kazi hii. Kuanguka pu si sawa na kutumbukia chubwi, na mwili ulioanguka pu haumalizi kama mwili uliotumbukia chubwi. Wape watoto maneno hayo mawili tu na uone mikono yao inavyofanya kazi tofauti.

Sasa nije kwenye idadi. Jambo la kwanza la kufundisha, kabla ya mwondoko wowote, ni kusimama. Chora mipaka ya uwanja kwa majivu au kwa kuburuta kijiti ardhini, kisha wafundishe kwamba pigo moja la ngoma maana yake ni kuganda tuli, pale pale, hata kama mguu uko hewani. Ngoma yako iliyopasuka ipelekwe kwa fundi wa kuwamba, lakini kipindi kisiisubiri. Debe tupu au ndoo ya plastiki iliyogeuzwa chini juu inatosha kabisa. Tumia vipindi viwili vizima kwa mchezo huu wa kwenda na kuganda. Utaona kama unapoteza muda, ilhali mwalimu asiyeweza kuwasimamisha watoto 87 kwa pigo moja hataweza kuwafundisha kitu kingine chochote uwanjani.

Baada ya hapo ligawe darasa sehemu mbili. Nusu wacheze kwa dakika mbili, na nusu wakae pembeni wakipiga makofi ya mdundo, ila wasikae bure: wape jambo moja la kutafuta kwa macho, kwa mfano, "Mtafuteni mtu ambaye mwendo wake haufanani na wa mwingine yeyote." Kisha wabadilishane. Zamu fupi ni bora kuliko zamu ndefu, kwa kuwa mtoto wa umri huu akiachwa acheze dakika kumi mfululizo hubaki akikimbia tu. Katika dakika za mwisho za kipindi waweke katika vikundi vya watano na uwape kazi ndogo ya kutunga: umbo la kuanzia, vitenzi viwili kati ya vile vya ubaoni, na umbo la kumalizia. Wafanye mara mbili ili uone kama wanakumbuka walichotunga, kwa sababu kutunga kitu na kuweza kukirudia ndiko kunakotofautisha uchezaji na kurukaruka. Mvua ikinyesha, kazi hiyo hiyo inawezekana kwenye madawati kwa mikono, mabega, shingo na uso.

SWALI: Mwanangu wa kike yuko darasa la kwanza hapa Dar es Salaam. Kwenye mahafali ya shule yao, yeye na wenzake walicheza singeli kwa kukata mauno, na wageni wakawa wanapanda jukwaani kuwatuza noti. Watu walishangilia, mimi nilitamani kulia. Je, nimepitwa na wakati?

JIBU: Hapana, mama, hujapitwa na wakati, ingawa ningependa tutenganishe mambo matatu yaliyochanganyikana katika tukio hilo, ili utakapokwenda kuzungumza na walimu usilaumu lisilostahili lawama.

La kwanza ni kiuno. Ngoma nyingi za Pwani na za Kusini huchezwa kwa kiuno. Sindimba ya Wamakonde haiwezi kuchezwa bila hicho, na hakuna aibu yoyote katika kiungo hicho kama ambavyo hakuna aibu katika bega. Mtoto anayekatazwa kabisa kutikisa kiuno hujifunza kwamba sehemu fulani ya mwili wake ni chafu, na funzo hilo sitaki shule imfundishe. La pili ni maana inayobebwa na kiuno hicho. Wazee wetu walilijua hili vizuri, na ndiyo maana ngoma za unyago, msondo ikiwa mojawapo, zilikuwa na ndani yake na nje yake: zilikuwa na kungwi, na mwali aliyefikia umri, na mlango uliofungwa. Mtoto wa miaka 6 hakuwa na nafasi humo, na hakuna aliyeona kwamba amenyimwa kitu, kwa kuwa alikuwa na michezo yake uani. Wimbo uliotungiwa watu wazima, wenye maneno ya watu wazima, ukichezwa na mtoto kwa kuiga video, huwa umefungua mlango ule bila kungwi. Kosa haliko katika singeli kama mdundo. Kasi yake watoto wanaipenda, na mwalimu mwerevu anaweza kupiga mdundo wa kasi hiyo kwenye debe na kuwaambia watoto wawe cherehani, au kuku walioona mwewe.

La tatu, na hili ndilo ningelianza nalo mbele ya mwalimu mkuu, ni zile noti. Kumtuza mchezaji ni desturi yetu na ina heshima yake, ila mtoto wa darasa la kwanza anayepokea noti kila anapoongeza mauno anafundishwa palepale, tena na wageni waheshimiwa, kwamba mwili wake una bei na kwamba bei hupanda anapowaiga wakubwa. Pendekeza shule itangaze kabla ya onyesho kwamba watoto hawatuzwi mmoja mmoja, na anayetaka kutoa aweke mchango kwenye kisanduku cha darasa. Pendekezo hilo halimvunjii mtu heshima, na mwalimu aliyewafundisha wale watoto, ambaye naamini alitaka tu sherehe ichangamke, atalipokea bila kuona kwamba ameshtakiwa.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 3 katika kaunti ya Kakamega. Kila tunapojiandaa kwa tamasha la muziki, hutumia majuma mengi kukaririsha watoto hatua za isukuti hadi mistari inyooke. Mwenzangu anasema huo si ubunifu na kwamba ninaua vipaji. Nani ana haki?

JIBU: Nyote wawili, kwa sababu mnazungumzia kazi mbili tofauti. Kukariri ngoma ya wazee ni kazi halali ya shule. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na ngoma ya namna hiyo hailindwi kwa kila mtoto kubuni ya kwake. Inalindwa kwa mtoto kuyasikia magoma yale matatu, kubwa, la kati na dogo, pamoja na baragumu la pembe na njuga za chuma, mpaka miguu yake ijue yenyewe mahali pa kukanyaga. Mwaka 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, Rais Julius Nyerere aliwauliza wabunge ni wangapi kati yao wanaojua ngoma za kwetu kama gombe sugu, mangala, konge, nyang'umumi, kiduo au lelemama, ilhali wengi walikuwa wamejifunza rumba, chachacha, hata waltz. Swali lile bado linauma, na wanaofundisha watoto hatua za babu zao wanalijibu kwa vitendo.

Mwenzako naye ana hoja. Mistari iliyonyooka ni thamani ya halaiki, yaani watoto mamia kufanya jambo moja kwa wakati mmoja, na halaiki hupendeza uwanja wa taifa, ila si thamani ya kwanza ya ngoma. Ndani ya isukuti kuna mwimbishaji anayeongoza, maneno yakienda na pigo la ngoma na hatua za wachezaji, na wimbo hubeba jambo la siku hiyo, iwe harusi au msiba. Ngoma hiyo ikifundishwa kama gwaride, mtoto amepewa ganda akanyimwa kokwa.

Ushauri wangu ni kwamba majuma ya mwanzo uyatumie kuingia katika ngoma kutokea nyuma yake, mahali ilikotoka, kabla hujafika kwenye hatua. Mfano ninaoupenda ni bugobogobo ya Wasukuma, ngoma ya wakulima ambayo huchezwa kwa majembe. Badala ya kuwafundisha watoto kurusha jembe (na kwa umri huu jembe lenyewe lisiwepo kabisa), waulize nyumbani kwao nani analima, anashikaje mpini, mgongo wake unafanya nini anapochoka, anajifutaje jasho. Waache walime bila jembe, wakubwa kwa wadogo, kwa haraka, kisha polepole mno, kisha wote kwa pigo moja. Baada ya vipindi vitatu vya namna hiyo wafundishe hatua za wazee kama zilivyo, na utaona kwamba wanazidaka upesi, kwa sababu wanazitambua. Kwa isukuti fanya vivyo hivyo: waulize mwendo wa mtu mwenye furaha ya harusi unaanzia kwenye kiungo gani, na wa mtu aliyefiwa unaanzia wapi. Tena mwachie kila mtoto mapigo manane katikati ya onyesho afanye la kwake. Waamuzi wakikupunguzia alama kwa hilo, zipokee alama hizo pungufu kwa moyo mkunjufu.

SWALI: Wavulana wangu wa darasa la tatu hapa Songea wanasema kucheza ni kwa wasichana. Wanakaa chini ya mti.

JIBU: Waulize wamewahi kuona mganda. Ngoma hiyo, ambayo ni ya wanaume wa mwambao wa Ziwa Nyasa na imeenea mkoani kwenu, iliiga gwaride na bendi za kijeshi za wakati wa ukoloni, na wachezaji wake hujipanga, hugeuka kwa amri na hujivunia usafi wa mavazi yao. Hawatapata mahali pa kusema ni ya wasichana. Kule Pemba ngoma ya msewe, ambayo wachezaji hufunga miguuni vilia, yaani vitu vinavyotoa mlio wanapokanyaga, nayo ilianza kama ngoma ya wanaume. Njia nyingine ni kutotumia neno "kucheza" kwa juma moja. Sema, "Leo tunafanya kazi ya golikipa," na uwatake waonyeshe kipa anavyodaka mpira wa juu, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Watatoka chini ya mti. Wasichana wako wasibaki watazamaji wa mganda huo, maana watoto wa umri huu bado hawajagawanyika kama wakubwa, na sioni sababu ya shule kuwaharakisha.

SWALI: Ninaishi Unguja na nina mtoto darasa la pili. Nyumbani kwetu tunashika dini. Sipingi michezo, lakini ngoma na muziki vinanitia wasiwasi, na sitaki mwanangu aonekane mkaidi mbele ya mwalimu wake. Nifanye nini?

JIBU: Mzee wangu, mimi si mwanachuoni, na hukumu ya dini utaipata kwa masheikh wako wala si kwenye ukurasa wa gazeti. Ninachoweza kukueleza ni nini hasa kinachofanyika katika kipindi hicho, ili swali utakalowapelekea liwe sahihi. Sehemu kubwa ya miondoko ya ubunifu haihitaji ala yoyote wala wimbo. Mtoto huwa mawimbi, huwa mche unaochipua, huwa jahazi linalotweka tanga, kwa kufuata maneno ya mwalimu au makofi. Kuwapanga wavulana na wasichana katika makundi mbalimbali pia hakuharibu somo hata kidogo. Kisiwani kwenu mwenyewe mna mfano ambao nauheshimu sana, nao ni maulidi ya Homu, ambamo safu ya wanaume waliopiga magoti huyumba, huinama na kuinuka kwa pamoja kwa utulivu na mpangilio ambao mwalimu yeyote wa miondoko angetamani kuupata. Hilo nalitaja ili kuonyesha kwamba mwili unaweza kusogea kwa adabu na kwa mpangilio, si kwa nia ya kukushinda kwa hoja.

Nenda kwa mwalimu wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Mwambie waziwazi mipaka yako ni ipi, kwa mfano kwamba mtoto ashiriki kazi za maumbo na michezo lakini asiingizwe kwenye maonyesho yenye muziki. Mara nyingi mwalimu hukubali, na mtoto akijua kwamba baba yake na mwalimu wake wameshaelewana hatajikuta amesimama katikati yao akitetemeka.

SWALI: Katika darasa langu la kwanza mkoani Shinyanga nina mtoto mwenye ualbino na mwingine asiyesikia. Wakati wa ngoma huwa nawakalisha pembeni na kuwapa kazi ya kutunza mabegi ya wenzao, kwa kuwahurumia. Mwenzangu ananiambia nakosea.

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, ingawa nina hakika hukufanya hivyo kwa ubaya. Kwa mtoto mwenye ualbino adui ni jua na umbali, si mchezo. Kipindi kifanyike asubuhi mapema au kwenye kivuli, naye avae kofia pana na mikono mirefu. Na ikiwa ratiba imewawekea saa sita mchana, omba ibadilishwe kabla ya yote, kwa kuwa hata wengine hawafaidi chochote katika jua hilo. Wengi wao huona kwa shida, kwa hiyo asimame karibu nawe unapoonyesha jambo, na kila unachokionyesha kitamke pia kwa maneno. Katika kazi za wawiliwawili mpe mwenzi anayempenda, tena tangu siku ya kwanza, kwa sababu watoto wengine hujifunza kumshika mkono wanapokuwa wameshikana mikono, kama ilivyo katika ukuti ukuti, ambamo duara zima huzunguka na kuanguka pamoja na hakuna anayechagua nani amshike nani.

Kwa asiyesikia badilisha ishara. Kila unapopiga pigo la kuganda, inua pia kitambaa chekundu, na uwafundishe wote kufuata kitambaa badala ya sikio. Siku nyingine chezeni kimya kabisa, kwa kitambaa peke yake, na utaona kwamba yeye ndiye anayewaongoza wenzake. Mweke mikono yake juu ya kiwambo cha ngoma inapopigwa, kwa kuwa mdundo unapita kwenye viganja pia. Mabegi yawekwe kwenye mkeka, hayahitaji mlinzi.

SWALI: Mratibu wa elimu anataka alama za kila mwanafunzi katika miondoko. Nitampaje mtoto alama kwa kucheza? Na je, wacheze na viatu au peku?

JIBU: Usimpe alama kwa uzuri, maana uzuri ni wa jicho lako. Angalia mambo matatu yanayoonekana: anasimama ishara inapotolewa, anaweza kulijibu swali moja kwa njia zaidi ya moja, na anaweza kukirudia alichokitunga. Usijaribu kuwaangalia wote siku moja. Angalia kumi kwa kila kipindi na uandike palepale, kwa penseli, kwenye daftari la mahudhurio. Mtoto mwenye haya anayefanya jambo dogo lakini lake mwenyewe asipate chini ya yule anayeiga kwa mbwembwe.

Kuhusu miguu, peku ni bora popote inapowezekana, kwa kuwa vidole hushika ardhi na mtoto husikia uzito wake unavyohama, na pia kwa sababu si wote walio na viatu, na wenye viatu huwakanyaga wasio navyo. Kwenye sakafu ya saruji punguza kuruka, na uwafundishe kutua kwa magoti yaliyolegea, kimyakimya kama paka. Kwenye uwanja wa udongo, kabla ya kuanza, wapange watoto mstari mmoja na watembee polepole kutoka mpaka hadi mpaka wakiokota mbigili, vipande vya chupa na vijiti. Zoezi hilo huchukua kama dakika nne, na ukiwaambia waokote kwa mwendo wa korongo, mguu mmoja ukiwa juu, umeshawapasha misuli moto bila wao kujua.